Swichi ya Stoo

Kabla ya msichana yule kuja, mimi ndiye niliyekuwa mtandao wa ofisi. Ushirika wetu wa wakulima wa ndengu na maembe pale Mbumbuni una ofisi ya kuta za mawe, vyumba vinne na ukumbi wa mikutano, na kile kifaa cha intaneti kilikaa juu ya meza yangu, kando ya kalenda ya kanisa. Mawimbi yake yalifika mlangoni mwangu yakachoka. Simu nazo hazikushika vizuri ndani ya mawe yale. Aliyetaka kutuma barua pepe au kutazama bei ya ndengu ilimbidi abebe kiti chake aje akae mbele yangu. Hata meneja alikuja, kompyuta yake ameikumbatia kifuani, akasema, "Madam, hebu songa kidogo," nami nikasogeza rejista zangu polepole ili ajue kwamba ninamfanyia hisani.

Miaka kumi na saba nilikuwa karani wa ofisi hiyo. Funguo zote zilikuwa kwangu. Nilikuwa wa kwanza kufungua na wa mwisho kufunga, na kwa sababu watu walikaa mbele yangu wakingoja kurasa zao zifunguke, nilijua nani amegombana na mumewe na nani anatafuta kazi mahali pengine. Chai ya saa nne ilimiminwa mezani kwangu. Sikuwahi kufikiri kwamba yote hayo yalitokana na kakifaa kadogo kenye taa tatu. Nilidhani yalitokana na mimi.

Msichana alitoka Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Nasema msichana, lakini alikuwa mtu wa miaka ishirini na tisa, mwenye mtoto wa miaka minne aliyemwachia mama yake. Aliniambia hayo siku ya kwanza kwa sababu nilimuuliza. Alikuwa na stashahada ya kompyuta, na aliajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu, aihamishe rejista ya wakulima kutoka kwenye vitabu vyangu hadi kwenye mtandao. Miezi mitatu ikiisha, kamati ingeamua abaki au arudi kwao. Aliniita mwaitu, kama Wakamba tunavyomwita mwanamke wa umri wa mama, na wiki mbili za kwanza nilimpenda. Nilimtania kuhusu Kikamba chake cha Kitui, naye akanitania kuhusu changu, tukacheka.

Kisha siku moja kikaoni akasema kwamba si lazima watu wahame na viti. Kuna kifaa, akasema, kinafungwa darini katikati ya ofisi, na kila mtu anapata intaneti akiwa kwenye chumba chake, mpaka ukumbini. Atakifunga mwenyewe, hakuna haja ya kuita fundi. Meneja aliweka kalamu chini. Mimi nimemfanyia kazi meneja yule miaka sita, na sikumbuki hata siku moja aliyoweka kalamu chini nikiwa ninazungumza.

Vifaa vilifika. Meneja alivileta mwenyewe kutoka Malili: kisahani cheupe cha kufunga darini, bunda la waya, na kiboksi cheusi kidogo chenye matundu mawili. Msichana aliazima ngazi na drili, akafungua leso aliyokuwa amejifunga juu ya suruali yake, akapanda. Alitoboa bila kuvunja dari, akaupitisha waya kwenye pembe za kuta na kuubana kwa klipu, zikajipanga kwa mstari mmoja ulionyooka. Nilizikagua klipu zile nikitafuta iliyopinda. Sikuiona.

Kazi ilipofika kwenye umeme, alikuja kwangu. Alitaka kuchomeka kile kiboksi cheusi kwenye soketi iliyo karibu na meza yangu, kwa kuwa intaneti inaanzia hapo. Nilimwambia soketi zangu zimejaa. Haikuwa kweli. Moja ilikuwa na chaja ya simu isiyokuwa na simu, nami niliichomeka asubuhi hiyohiyo nilipomsikia akizungumzia soketi. Hakubishana. Aliurefusha waya hadi stoo, akachomeka kiboksi nyuma ya rafu ya vikombe, kwenye soketi ya mapacha: upande wa kushoto birika la chai, upande wa kulia kiboksi chake.

Meneja alimuuliza stima ya kile kisahani cha darini itatoka wapi, maana huko juu hakuna soketi. Msichana akaeleza kwamba kiboksi kinachukua stima kutoka ukutani na kuitia ndani ya waya uleule unaobeba intaneti, vinapanda pamoja. Meneja alirudia maneno hayo mara mbili, akamwita mhasibu aje asikie. Mimi nami nilistaajabu, sitakataa, ila nilistaajabu nikiwa nimeinamia rejista. Kisha kisahani kikawaka taa ya samawati, na katika vyumba vyote watu wakaanza kuitana.

Alasiri ile hakuna mtu aliyekuja kukaa mbele yangu. Nilisikia vicheko vikitoka chumba cha mhasibu, na birika nililichukua mwenyewe na kunywa chai peke yangu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona chochote. Nilimwonea wivu, na nauita jina lake la kweli kwa sababu wakati ule niliuita uchovu. Niliuonea wivu mkono wake ulioshika drili bila kutetemeka, nikamwonea wivu kwa vile meneja alivyosema "sisi" alipozungumza naye.

Sasa lazima nieleze sheria ya kuzima. Misimu miwili ya mvua iliyopita radi ilipiga, ikapita kwenye nyaya na kuchoma kompyuta iliyokuwa na vipimo vyote vya ndengu vya msimu ule. Wakulima walikuja ofisini na bakora. Tangu hapo meneja aliweka sheria: anayefunga ofisi jioni azime kila swichi ya soketi ukutani, asibakize hata moja. Anayefunga ni mimi. Asubuhi kila mtu huwasha ya kwake. Kwa hiyo jioni ya siku ile nilizunguka vyumbani nikizima, nikaingia stoo nikazima zote mbili, kushoto na kulia, nikafunga mlango. Naapa jioni ile sikuwa na nia yoyote. Vidole vilifanya vilichozoea.

Asubuhi mtandao haukuwepo. Kisahani cha darini kilikuwa kimya, hakina taa. Msichana alipanda ngazi, akakigusagusa, akashuka. Akaniomba nimfungulie stoo. Stoo kuna sukari, maziwa ya unga na mbegu, na kwa desturi yetu hufunguliwa saa nne, wakati wa chai, kwa sababu zamani sukari iliota miguu. Nilimwambia angoje saa nne. Nilipofungua kwenda kuchukua vikombe, niliona swichi ya kulia imelala, nikaelewa mara moja. Ningemwita. Ilikuwa kazi ya neno moja. Badala yake niliibonyeza, nikatoka na vikombe, na baada ya dakika chache taa ya samawati ikawaka. Alipoingia stoo kukagua, kiboksi kilikuwa kinawaka vizuri.

"Ajabu," alisema. "Imejirudisha yenyewe."

Watu walirudi mezani kwangu asubuhi ile, kuanzia saa mbili hadi saa nne, na viti vyao. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kama hawangerudi, huenda ningesema. Lakini mhasibu alikaa mbele yangu akanisimulia habari za harusi ya shemeji yake, na meneja akaniambia "Madam, hebu songa kidogo," na moyo wangu ukatulia.

Siku ya pili nilizima nikijua. Siku ya tatu vilevile. Kila jioni nilijiambia sheria ni sheria, na kweli ilikuwa sheria, imebandikwa ukutani. Kila saa nne niliwasha. Msichana alikata vichwa vya waya akafunga vipya. Alibadilisha waya wote kutoka stoo hadi darini, klipu kwa klipu. Hakuona kosa kwa sababu kila alipoingia stoo mimi nilikuwa nimeshatangulia.

Siku ya nne alikuja kuniuliza kama mimi, niliyekaa hapo miaka mingi, najua lolote kuhusu stima ya asubuhi. Nilimwambia ni kisiagi. Ng'ambo ya barabara kuna kinu cha kusaga mahindi, huanza kunguruma alfajiri, na nilisema kwa sauti ya mtu anayejua kwamba kinavuta stima yote ya soko, ndiyo maana vitu vidogo vinakosa nguvu. Aliniamini. Akavuka barabara kumbembeleza mwenye kinu achelewe kuanza siku moja tu, na wateja waliokuwa na mahindi yao wakamcheka. Yule mtu alikubali kwa huruma. Kesho yake kinu kilinyamaza mpaka saa tatu, na kisahani cha darini kikanyamaza pamoja nacho. Niliona uso wake aliporudi. Sitasema nilifurahi sana, lakini nilifurahi.

Siku hiyo meneja alimsimamisha kwenye ujia, karibu na mlango wangu, nami nikasikia kila neno. Alhamisi kamati inakaa, alimwambia. Watataka kuiona rejista ya wakulima ukumbini, kwenye ukuta, saa mbili na nusu, kisha wataamua juu yake. Alisema yeye binafsi anaipenda kazi yake. "Lakini hii kitu ikituchezea mbele ya wazee," alisema, "mimi sitakuwa na mdomo wa kukutetea." Msichana aliitikia tu. Alikuwa ameshikilia koleo la kukatia nyaya, na aliendelea kulifungua na kulifunga mpaka meneja akaondoka.

Jumatano, kabla ya saa nne, aliingia chumbani kwangu akafunga mlango. Nilidhani amejua.

"Mwaitu," alisema, "mimi nimeshindwa kabisa. Hii kitu imenionyesha mambo. Si tuombe tu?"

Tunasali kanisa moja, yeye na mimi. Angemwomba nani mwingine? Alinishika mikono yote miwili na kufumba macho, akangoja mkubwa aanze. Mimi ni mama wa kanisa. Huwa ninasimama mbele ya akina mama hamsini nikaomba mpaka wengine wakalia, na maneno hayajawahi kuniishia. Nikaanza. Nikamwomba Mungu aliyeumba radi na umeme amfunulie mtoto wake tatizo liko wapi. Nikaomba kila mkono wa adui unaoizuia kazi hii ushindwe. Nilisema hivyo, kwa sauti yangu ya kanisani, na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu. Alisema amina mara nyingi. Mikono yake ilikuwa na vidonda vidogo vya nyaya. Tulipomaliza alijipangusa macho akanishukuru, nami nikaenda kufungua stoo na kuwasha swichi.

Jioni ya Jumatano nilisimama stoo muda mrefu kuliko kawaida. Bado jua lilikuwa linawaka nje. Nilijua kwamba nikiiacha swichi ile ilivyo, kesho yote yatakwenda sawa, naye atapata kazi, na mimi nitakunywa chai peke yangu hadi siku ya kustaafu. Nilimfikiria mtoto wake. Nilimfikiria kweli. Kisha nikamfikiria meneja akiweka kalamu chini. Nikazima zote mbili, kushoto na kulia, nikafunga.

Alhamisi wanakamati walifika mapema, wakulima saba waliovaa makoti yao ya kanisani, mmoja wao mwenyekiti, mzee mwenye shamba la maembe lililo kubwa kuliko yote pale kwetu. Ukumbini msichana alikuwa ameshaweka mashine ya kuonyesha picha ukutani. Nami niliitwa nije niandike kumbukumbu za kikao, kama kawaida. Nilikaa pembeni na daftari langu. Meneja alitoa utangulizi, mzee mmoja akaomba, kisha msichana akasimama na kugusa kompyuta yake. Ukuta ulibaki mweupe. Aligusa tena. Alieleza rejista ilivyopangwa, kwa adabu, bila kuonyesha kitu, na sauti yake ikazidi kushuka. Meneja alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi niliandika: mtandao haukupatikana. Niliandika vizuri kabisa, kwa mwandiko wangu bora.

Mwenyekiti hakuwa na haraka. Ni mtu wa pampu za maji, na pampu ikikataa haanzi na pampu.

"Hii kitu yako," alimuuliza, "inakula stima ya wapi?"

"Ya stoo, mzee."

"Na stoo umeangalia?"

"Bado haijafunguliwa, mzee. Hufunguliwa saa nne."

Watu wote walinigeukia. Sijui kwa nini, tangu asubuhi ile ya kwanza, hakuna aliyeuliza tena swali hilo, ila nadhani sheria ya sukari ilikuwa imezoeleka kiasi cha kutoonekana. Meneja akasema nimfungulie. Nikainuka, msichana nyuma yangu.

Stoo haina dirisha. Niliufungua mlango nikaingia, na kabla sijawasha taa, kabla sijatazama popote, mkono wangu ulipita nyuma ya rafu ya vikombe, ukaupita mkebe wa sukari, ukaifikia swichi ya kulia na kuibonyeza. Haukupapasa hata kidogo. Nilipogeuka, msichana alikuwa amesimama mlangoni na mwanga nyuma yake, anautazama mkono ule. Nilimwona akirudi nyuma akilini, siku kwa siku, saa nne kwa saa nne, kinu cha mahindi, mpaka akafika jana.

"Uliniombea," alisema.

Nilianza kusema juu ya sheria ya radi. Alikuwa ameshaondoka.

Nilirudi ukumbini nikiwa tayari kufutwa kazi mbele ya watu saba. Ukuta ulikuwa unajaa majina ya wakulima, mstari kwa mstari, na wazee walikuwa wameinuka vitini wakitafuta majina yao kwa vidole. Walipoyaona, mwenyekiti alimuuliza shida ilikuwa nini. Msichana alisema kosa ni lake. Alisema alikifunga kiboksi kwenye soketi inayozimwa kila jioni kwa sheria ya ofisi, na hakumwambia karani asiizime. Alisema hayo bila kunitazama na bila kukwepa kunitazama. Mwenyekiti alicheka, akasema heri karani anayefuata sheria kuliko kompyuta inayochomwa na radi, na wazee wakanipigia makofi. Msichana naye alipiga. Ilinibidi niyaandike makofi hayo kwenye kumbukumbu. Kisha wakamthibitisha kazini, wote saba, bila mjadala.

Niliingoja siku ambayo angemwambia meneja. Nilingoja wiki, nikangoja mwezi. Nilikonda. Kila nilipoitwa ofisini kwa meneja nilikwenda nikiwa nimeshaandaa jibu, na kila mara ilikuwa ni habari ya magunia au barua. Msichana alinisalimu asubuhi na kuniaga jioni. Juu ya swichi ya kulia alibandika karatasi isemayo isizimwe, na chini yake akafunga kifaa cha kukinga radi. Basi. Nilianza kusema moyoni kwamba yule ni mtu wa Mungu, amenisamehe, amenifunika. Nilimhadithia dada yangu habari hiyo nikalia. Na ndani ya kilio changu kulikuwa na wivu mwingine tena, kwa sababu mimi katika nafasi yake nisingeweza kunyamaza hata dakika tano.

Mwishowe alichaguliwa kwenda kuisimamia ofisi yetu ndogo ya Emali. Siku alipokuwa anafunga vitu vyake nilijikaza nikaenda chumbani kwake. Nilimwomba msamaha, nikamwambia kwamba sitasahau alivyonisitiri siku ile, kwamba alikuwa na moyo ambao mimi sina. Alikuwa anazungusha waya wa chaja mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwaitu, sikunyamaza kwa ajili yako," alisema. "Ile ilikuwa siku yangu. Ningekutaja, wazee wangezungumza juu yako mpaka saa saba."

Hakusema kwa hasira. Aliutia waya kwenye mkoba, akafunga zipu, akauliza kama nimeiona kofia ya mtoto wake aliyoinunua sokoni. Ilikuwa chini ya magazeti. Nilimpa, akashukuru, akatoka kwenda kuagana na wengine. Miezi yote ile nilidhani tulikuwa watu wawili katika jambo lile, yeye na mimi, kumbe yeye alikuwa na kazi yake tu.